Saa 15 hadi New York: maswali kutoka Umoja na Utawala

Kwa kinyozi wangu pale Umoja walishajua kwamba niliwahi kupanga njia za ndege, basi kunyolewa kwangu hakuishi bila maswali. Mengi ni ya safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianza tarehe 28 Oktoba 2018.

Kijana wangu yuko New York. Ni mbali kiasi gani?

Mama, ni kama kilomita 11,800. Ni sawa na kuruka hadi Mombasa mara 28 hivi.

Ndege inapitia wapi? Kwenye ramani naona Nigeria na Mali.

Ramani ya ukutani imeibandua dunia kama ganda la chungwa. Waombe watoto wa ploti mpira wao. Tia alama ya Nairobi na ya New York, kisha vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Utaona umepanda kaskazini wenyewe: Chad, Algeria, halafu Morocco. Nusu ya safari inaangukia karibu na Marrakech, ndipo bahari ya Atlantiki ianze. Hiyo ndiyo njia fupi. Marubani husogea huku na kule kukwepa dhoruba, vita au upepo.

Mbona kwenda ni saa 15 na kurudi 14?

Ni huo upepo. Kule juu, kilomita kumi na zaidi, unavuma kutoka magharibi, na kuna siku unapita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni.

Kwa nini iondoke usiku? Sisi wa Utawala tunataka kulala!

Pole. Uwanja wa ndege wa Embakasi uko mita 1,624 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo bawa halipati cha kuegemea na injini inapungukiwa nguvu. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni mzigo mzito mno, na baridi ya usiku inaisaidia kupaa. Tena abiria anashuka kule asubuhi, siku nzima iko mbele yake.

Nimpigie kijana wangu simu saa ngapi?

Saa mbili usiku ya hapa ni saa sita mchana kwake wakati wa baridi ya kule. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba Wamarekani husogeza saa mbele, kwa hiyo itakuwa saa saba.

Na nikisafiri, nitoke Kayole saa ngapi?

Hapo hesabu zangu zinagoma. Uwanja uko karibu, lakini barabara ya Outering jioni ya Ijumaa haina kanuni. Mwaka mmoja nilikwama ndani ya matatu, begi mapajani, taa za uwanja naziona dirishani. Nilishuka nikapanda bodaboda.