Mji wa Chumvi

Msafiri apandaye treni peke yake asubuhi mjini Vienna, nchi ya Austria, hufika Salzburg kwa mwendo usiotimiza saa tatu, na jioni aweza kurudi. Maana ya jina hilo ni Ngome ya Chumvi. Chumvi ilichimbwa milimani karibu na Hallein, ikateremshwa kwa mashua katika mto Salzach, ikawatajirisha maaskofu wakuu walioutawala mji. Ngome iliyo juu ya kilima ilianza kujengwa mwaka 1077. Mwaka 1525 wakulima na wachimba madini, waliolemewa na kodi, waliizingira yapata miezi mitatu wasiweze kuiteka. Basi msafiri azitazamapo kuta zile nzuri, na akumbuke jasho la wale waliozilipia.