UMASKINI WA NYUMBANI NA MAKOSA YA VIJANA

Somo la kujifunza katika vikundi vya Mtaa
Someni: Mithali 30:7-9, Mithali 6:30-31, Waefeso 4:28



Kijana akikamatwa kwa wizi, hapa Same mjini au huko juu milimani, husikika maneno ya namna mbili. Wengine husema, "Ni umaskini." Wengine hujibu, "Ni malezi mabaya, maana maskini ni wengi na hawaibi." Katika somo hili tuyapime maneno hayo.

1. Maandiko yasemavyo

Mwandishi wa Mithali alimwomba Mungu amwepushe na utajiri na umaskini pia, kwa kuwa aliogopa kwamba akipungukiwa ataiba. Mcha Mungu huyu hakuona haya kukiri kwamba njaa ni jaribu. Tena kitabu hicho chafundisha kwamba aibaye kwa njaa hueleweka na watu, lakini hata hivyo hana budi kulipa. Basi njaa haifuti kosa. Wala kosa lisitufanye tuisahau njaa.

2. Kengele ya shule

Tuliofundisha katika shule za Upare tunalo deni la kukiri. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, lakini michango ilibaki: dawati, mlinzi, karatasi za mtihani. Asiyeleta alirudishwa nyumbani, na sisi walimu ndio tuliomrudisha.

Mwaka 2008 tulimrudisha mtoto mmoja wa darasa la tano mara tatu. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni Mererani na hakuleta habari. Mama alilima vibarua tangu alfajiri hadi jioni. Mara ya tatu mtoto hakurudi, nasi hatukumfuata.

Baada ya miezi michache kengele ya shule iliibwa. Ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mtoto yule alikamatwa akiipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Watu walikusanyika na fimbo. Mzee mmoja akawazuia, akatugeukia, akauliza: "Mwalimu, mtoto huyu mmemkosa darasani tangu lini?" Tulijua jibu, lakini lilikuwa gumu kulitamka mbele ya watu.

Mzee yule alikaa na mjomba wa mtoto. Wakapatana kwamba mtoto afanye kazi ya shule jioni kulipa kosa lake, na asubuhi aingie darasani. Alimaliza darasa la saba. Lakini si kila mtoto hupata mzee wa kuuliza swali kama lile.

3. Njia ya kutoka njaa hadi kosa

Wengi wetu tulikua kwa makande bila nyama, wala hatukuwa wezi. Lakini tulipokosa, tulikosa tukiwa kati ya watu. Msaragambo ulipoitwa kusafisha mfereji au kuzibua ndiva, mtoto wa maskini alifika na jembe lake kama wenzake, na mtu mzima yeyote aliweza kumwuliza habari za shule.

Ubaya wa umaskini ni kwamba humtoa mtoto mahali pake polepole. Shamba la mlimani limegawanywa mara nyingi hata halitoshi. Kule tambarare, Hedaru na Makanya, mvua ni chache. Baba huondoka kutafuta kazi. Mama hushinda vibaruani. Sare inachanika, mtoto anaona aibu, anaacha shule. Anashuka stendi kubeba mizigo. Anaokota chuma kilichotupwa, kisha anachukua jembe la mtu, na mnunuzi hamwulizi amelipata wapi.

Twasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Ni kweli, lakini mama aliye kibaruani mpaka usiku atamfunza saa ngapi?

4. Habari ya mirungi

Mirungi huuzwa kwa uhuru Kenya, lakini kwetu ni dawa ya kulevya iliyokatazwa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba yake katika vijiji vya wilaya yetu. Baadhi ya wakulima hujitetea kwamba zao hilo ndilo lililosomesha watoto. Hatuwezi kulihalalisha. Hata hivyo, tukikataza bila kusaidia zao jingine, kama tangawizi inavyolimwa Mamba Miamba, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi. Na kijana asiye na kitu anapotumwa kubeba mzigo usiku, anayekamatwa ni yeye, si mwenye mali.

5. Sheria ya nchi

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwapo, na hapewi adhabu ya kifungo gerezani. Ana haki ya kuwa na ndugu yake karibu. Lakini mtoto wa maskini mara nyingi hana mtu wa kumdhamini, kwa kuwa nauli ya kushuka mlimani ni tatizo. Hivyo hukaa mahabusu kwa kosa ambalo mtoto wa mwenye nacho angelingojea nyumbani.

6. Wajibu wetu

Mtume Paulo hakumwambia mwizi aache tu. Alimtaka afanye kazi kwa mikono yake hata apate cha kumpa mhitaji. Basi:

(a) Mtoto asipoonekana shuleni au katika darasa la Kipaimara kwa wiki moja, mtu aende nyumbani kwake.
(b) Fundi yeyote wa Mtaa, wa cherehani, seremala au wa pikipiki, apokee kijana mmoja wa kujifunza.
(c) Mtoto akishtakiwa, wazee wawili wa kanisa waende naye, na nauli yao itoke katika sadaka.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mtoto gani wa jirani ambaye hatujamwona shuleni mwezi huu?
2. Je, tumewahi kununua kitu kwa kijana bila kuuliza amekipata wapi?
3. Je, kuna mtoto tuliyemrudisha nyumbani sisi wenyewe? Yuko wapi leo?