Mas-ala ya Bastola: Kuichagua, Kuichukua na Kulenga Shabaha

Watu wa Bagamoyo si wageni wa bunduki. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya kwenda bara iliondoka mjini humo na magobori mabegani. Na mwaka 1888, ilipozuka vita baina ya watu wa mrima na Kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim Al-Harthi wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, bunduki za namna hiyo ndizo zilizoshikwa. Baada yake mataifa ya Ulaya, kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, yalizuia silaha na baruti zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu latitudo ya 20 kaskazini hata ya 22 kusini, na hapana shaka hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia Waafrika tu.

Lakini gobori halifichiki. Mwenye nalo huonekana toka mbali, na aliye mbele yake hujua la kufanya. Bastola hukaa chini ya koti, wala jirani hana habari nayo. Kwa hiyo mambo yake yataka kutazamwa peke yake.

Mfanya biashara achukuaye fedha za mauzo kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam huuliza: je, yafaa awe na bastola? Asili ya jibu ni kuwa mtu ana haki ya kulinda nafsi yake na mali yake. Amepokea Imamu Muslim kwamba mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mwenye kumjia kumnyang'anya mali, akaambiwa asimpe, na akiuawa katika kuilinda, huyo ni shahidi. Wengi huikariri hadithi hii wakaishia hapo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii hawakuishia hapo. Katika mlango wa kumzuia mshambulizi wamesema kwamba azuiwe kwa lililo jepesi kwanza, kisha lifuatalo: akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele, ni haramu kumpiga, akizuilika kwa mkono, ni haramu mjeledi, akizuilika kwa mjeledi, ni haramu fimbo, na akizuilika kwa kujeruhiwa kiungo, ni haramu kumuua. Na aliyekwisha geuka kukimbia hana tena hukumu ya mshambulizi. Mwenye kumpiga risasi ya mgongo hajitetei, bali analipiza. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humpa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri, si zaidi.

Basi na atazame mwenye kutaka bastola. Silaha hii ni kidato cha mwisho cha ngazi. Mtu asiye na mlango imara, wala taa uani, wala jirani wa kumwitikia, wala desturi ya kubadili saa na njia ya kupelekea fedha zake, akanunua bastola, amenunua kidato cha juu bila ya ngazi. Siku ya taabu hatakuwa na jambo jepesi la kuanzia.

Akiona baada ya hayo kuwa haja ipo, njia ni moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya 1991, haimruhusu mtu kuwa na silaha ila kwa leseni, na yamtaka awe na hati ya kuonyesha kuwa ajua kuitumia. Bastola inunuliwayo gizani, hata kwa nia njema, ni mali ya mashaka: huenda imekwisha mwaga damu ya mtu, na aliyeishika ndiye atakayeulizwa.

Katika kuchagua, wengi huchagua kwa macho. Hupenda iliyo ndogo na nyepesi, kwa kudhani kwamba ndogo ni rahisi. Kwa risasi za namna moja, bastola nyepesi huruka zaidi mkononi kuliko nzito, na mtutu ukiwa mfupi kosa dogo la mkono huwa kubwa mbele. Ifaayo ni ile ambayo kiganja kinaushika mpini wote, na kidole chafika penye kifyatuo bila ya mkono kuhama. Kuna yenye silinda ya kuzunguka, iitwayo rivolva, ichukuayo kwa kawaida risasi tano au sita; ni rahisi kuijua kama ina risasi au haina. Na kuna ya magazini, ichukuayo nyingi zaidi, lakini ina hila moja iliyokwisha ua watu wengi duniani: ukiitoa magazini, risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na mwenyewe akadhani ni tupu. Tena pwani ina adui wake, nao ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma upesi, na ala ya ngozi hushika unyevu. Bastola isilazwe ndani yake, bali ifutwe na kupakwa mafuta.

Kulenga shabaha ni jambo lililosifiwa, na Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Sura ya Anfal kuwa ni kulenga. Imamu Shafii mwenyewe alikuwa mlenga hodari wa mishale. Lakini ni elimu yenye hesabu. Mkono ukipotoka kwa digrii moja tu, risasi hukosa kwa sentimita 17 katika mita 10, karibu ya shubiri, na kwa sentimita 44 katika mita 25, karibu ya dhiraa. Nayo haisimami pale ilipokosea. Risasi ya bastola ya kawaida yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, wala kuta za udongo na makuti haziizuii. Ndiyo maana hulengwa katika uwanja ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Wako wanaodhani kuwa ufuko ni salama kwa kuwa mbele ni bahari. Nao wamesahau ngalawa, na kwamba risasi ikipiga maji kwa mshazari huruka tena kama kigae kinachorushwa na watoto. Na wakishindana kwa tuzo, itolewe na mmoja wao au na mtu wa nje. Wakiweka wote fedha ili mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari, ila akiingia baina yao mshindani wa tatu asiyeweka kitu, naye akishinda azichukue.

Ama adabu ya kuichukua, mafunzo yake ni ya zamani kuliko baruti. Mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aliamrishwa azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Upanga ulikatazwa kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Na kumwelekezea ndugu silaha kumekatazwa hata kwa mzaha. Basi bastola ipokezanwe ikiwa tupu na imefunguliwa ionekane. Isiwekwe katika mfuko wa kanzu pamoja na funguo, wala isipelekwe msikitini, kwani mwenye kurukuu na kusujudu haijui itaangukia wapi. Nyumbani ikae ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zake mahali pengine. Chini ya mto si mahali pake. Mtoto wa miaka minne hupajua chini ya mto kabla ya mwizi.

Limebaki la mirathi, ambalo husahauliwa. Leseni ni ya mtu mwenyewe, haigawanywi kama minazi. Mwenye bastola akifa, warithi wasigombee nani aibakishe, bali waipeleke polisi. Na ikiuzwa kwa idhini kwa mwenye leseni, thamani yake huingia katika tarika, hulipwa madeni na wasia, kisha kila mrithi akapewa fungu lake.