Mafunzo Niliyopata Dirishani pa Dawa

Nilianza kugawa dawa hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1990. Yusuf Hamied, wakati huo mkuu wa kampuni ya Cipla ya Mumbai, nilikuwa simjui hata kwa jina, na kumbe ndiye angekuja kuibadilisha kazi yangu.

1. Bei nayo ni sehemu ya dawa.
Miaka ile vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI viligharimu dola 10,000 hadi 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mzee mmoja aliuza ng'ombe, akamnunulia bintiye dozi ya siku chache. Akaniuliza, "Mwanangu, zikiisha hizi?" Nikajifanya natafuta kalamu. Februari 2001, Hamied alitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dozi ya mwaka mzima kwa dola 350. Haifiki dola moja kwa siku!

2. Sheria nayo hutibu.
Sheria ya hataza ya India ya 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Ndiyo maana Cipla iliweza kuweka stavudini, lamivudini na nevirapini ndani ya kidonge kimoja, Triomune, wakati kwingineko kila moja ilikuwa na mwenyewe. Dirishani, maelezo ya makopo matatu yakageuka: ukishapita wiki mbili za mwanzo, kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi.

3. Sifa zisikufumbe macho.
Stavudini iliwatia wengine ganzi miguuni, mashavu yakabonyea. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe hatua kwa hatua. Mama mmoja alinikatiza nikimwomba radhi: heri miguu iwake moto, alisema, maadamu inatembea.

4. Ukarimu una hesabu zake.
Hili ndilo lililonigharimu. Hamied ni mkemia wa Cambridge na mtoto wa mfanyabiashara. Baba yake ndiye aliyeanzisha Cipla mwaka 1935. Kampuni iliuza mamia ya dawa nyingine, ikaweza kukosa faida kwenye hii ya UKIMWI. Mimi nilipofungua duka langu la dawa nilikopesha kila aliyelia, bila daftari. Halikumaliza mwaka wa pili. La sasa linauza pia sabuni na mafuta ya kujipaka, na faida yake ndiyo inayolipia pakiti za chumvichumvi ninazowapa bure watoto wanaoharisha.