Kabla Hujanunua Mafuta ya Kuondoa Kovu

Pale Sosiot, mikono ya wachuma chai ina makovu ya kila aina: matawi yaliyokwaruza, kisu cha kupogoa kilichoteleza. Kila kovu lina dawa yake.

1. Angalia mpaka. Kovu nene lililobaki ndani ya mstari wa kidonda mara nyingi hunywea lenyewe baada ya miezi. Likivuka mstari, likawasha na kuendelea kukua, hiyo ni keloidi. Hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio inaotuandama zaidi.

2. Keloidi isikatwe tu. Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Ikikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, tena pengine kubwa kuliko mwanzo. Kwa kawaida daktari huanza na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Zinauma, tusidanganyane, lakini uvimbe hulainika na kushuka. Ikibidi kukata, uliza kabla: nikishashonwa, nitapewa sindano au mionzi? Na kama ilianzia kwenye tundu la hereni, usitoboe tena, hata kama harusi ni kesho kutwa.

3. Plasta ya silikoni. Ya kubandika kidonda kikishafunga kabisa, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 2 au 3. Wavivu msijisumbue.

4. Mtoto akijimwagia chai: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno na unga viacheni. Kovu la moto kwenye kiwiko au vidole huvuta ngozi hadi kiungo kikatae kunyooka, na hapo hatuzungumzii urembo tena. Mazoezi ya viungo na banzi vianze mapema; likishakaza, ni upasuaji, pengine na kupandikiza ngozi. Anzieni hospitali ya rufaa ya Kericho, au Tenwek kule Bomet.

5. Mashimo ya chunusi hayajazwi na mafuta. Kuna kutobolewa kwa visindano vidogo, kuna leza. Leza ikikosewa huacha madoa kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo nenda kwa daktari wa ngozi, si saluni.

6. Krimu za kujichubua ili kovu lififie? Nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo.