Kumtambua Binadamu katika Fomu za Intaneti

Shule inapofungua fomu ya maombi katika tovuti yake, wa kwanza kuijaza huenda asiwe mwanafunzi. Zipo programu zilizotungwa ili kutafuta fomu na kuzijaza zenyewe usiku kucha, kwa matangazo ya ovyo au majina ya kubuni. Programu hizo huitwa roboti, ingawa hazina mikono wala miguu. Ili kuzizuia, watunzaji wa tovuti huweka kinga inayomtaka mjazaji athibitishe kuwa ni binadamu. Kinga hizo ni nyingi, na anayechagua hana budi kujua jinsi kila moja inavyofanya kazi, na hasa ni nani anayebebeshwa mzigo wake.

Iliyo maarufu ni fumbo la herufi zilizopindwa. Mtambo wa utafutaji wa AltaVista, huko Marekani, ulitumia njia hiyo mwaka 1997, kwa kuwa wakati huo jicho la binadamu lilisoma herufi hizo vizuri kuliko kompyuta. Msingi huo umekwisha kubomoka. Mwaka 2014 watafiti wa Google walieleza kwamba mashine yao iliyasoma mafumbo magumu kabisa ya aina hiyo kwa usahihi wa asilimia 99.8. Anayebaki nje sasa ni mwanafunzi asiyeona. Yeye hutumia programu inayomsomea kioo kwa sauti, na picha ya fumbo imechorwa makusudi ili programu isiweze kuisoma! Mafumbo mengine huwa na sauti badala ya picha, lakini mwenye upungufu wa kuona na wa kusikia pia hukosa pa kupita.

Kinga nyingine haziulizi swali. Toleo la tatu la reCAPTCHA, lililotolewa mwaka 2018, huangalia mwenendo wa mgeni na kumpa alama kati ya 0.0 na 1.0, kadiri alama inavyokaribia 1.0, ndivyo anavyodhaniwa kuwa binadamu. Njia hii haimsumbui mtu, ila taarifa zake hupelekwa kwa kampuni nyingine. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, humtaka mkusanyaji awajulishe wenye taarifa hizo.

Njia ya tatu ni ya hesabu, na wanafunzi wataipenda. Wazo lake lilitolewa mwaka 1992 na Cynthia Dwork na Moni Naor, kwa ajili ya barua za kompyuta. Ipo kanuni inayogeuza maandishi yoyote kuwa mfululizo wa tarakimu 0 na 1 usioweza kubashiriwa. Kompyuta ya mjazaji huagizwa kutafuta namba ambayo, ikiunganishwa na maandishi fulani, italeta mfululizo unaoanza na sufuri 16. Hakuna njia ya mkato. Ni kujaribu tu, kwa wastani mara 2 kwa kipeo cha 16, yaani 65,536. Tuseme simu hujaribu mara 20,000 kwa sekunde: itamaliza kwa sekunde 3 hivi. Kwa mtu mmoja hilo si kitu, lakini roboti inayotaka kutuma fomu 100,000 itaumia. Kuhakikisha jibu huhitaji jaribio moja tu. Sufuri moja ikiongezwa, kazi huwa maradufu, na simu dhaifu ndiyo itakayochelewa zaidi.

Kwa fomu ndogo ya shule, yafaa kuanza na mtego rahisi: nafasi ya kujaza iliyofichwa machoni pa watu na kwa programu za kusomea kioo. Ikijazwa, mjazaji ni roboti. Mtego ukishindwa, iongezwe njia ya hesabu. Aidha, jibu la kinga yoyote lihakikishwe katika seva ya tovuti, kwani yaliyomo ndani ya kivinjari cha mgeni yaweza kughushiwa. Kisha, kabla ya kuifungua, fomu ijaribiwe kwa simu kuukuu, na tena kwa kioo kilichozimwa huku programu ya sauti ikisoma.