Je, mnara unaoongea na simu yako umefungwa kwa ufunguo?

Somo la leo linaanzia Garsen, kando ya Mto Tana, kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu. Tuseme umeuza fahali kwa Ksh 45,000. Mnunuzi anasema ameshatuma. Simu inalia, ujumbe umeingia. Je, umwachie kamba?

Kabla hatujajibu, tuone simu na mnara huongea vipi.

Ufunguo uko wapi?

Simu huongea na mnara kwa mawimbi, na mawimbi hayana mlango: mwenye kifaa kinachofaa aliye karibu anaweza kuyanasa. Ndiyo maana mtandao hutumia usimbaji, yaani kuyavuruga maneno yasomeke tu na mwenye ufunguo. Kwenye 2G, ufunguo mkuu umefichwa ndani ya kadi ya laini, na nakala yake inabaki kwa kampuni iliyoitoa. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, kadi inapiga hesabu na kurudisha jibu. Jibu likiwa sawa, pande zote mbili zina ufunguo wa muda wa kufunga mazungumzo.

Mnara wa kompyuta

Siku hizi mnara mdogo unaweza kutengenezwa kwa kompyuta, redio na programu huria kama OpenBTS. Mwaka 2013 kijiji cha Talea de Castro, Meksiko, kilijiwekea mtandao wa namna hii kwa sababu makampuni makubwa hayakufika. Hapa Kenya, huwezi kurusha mawimbi hayo bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano.

Mwenye mtandao halali wa aina hii akitaka kuwasha usimbaji, afanye hivi:

1. Atoe kadi zake mwenyewe. Funguo za kadi za kampuni nyingine hana, na bila ufunguo hakuna kufunga.
2. Aingize funguo hizo kwenye mfumo, awashe uthibitishaji wa kadi, kisha usimbaji.
3. Achague A5/3 pale simu na vifaa vinapoikubali. A5/1 ni ya miaka ya 1980, na mwaka 2009 mtafiti Karsten Nohl na wenzake walionyesha inavyoweza kuvunjwa. A5/0 maana yake hakuna kufuli kabisa.
4. Ajaribu kwa simu tofauti, kabambe zikiwemo, ahakikishe kweli zimefungwa.

Kufuli lina mpaka

Usimbaji huu unalinda safari ya kutoka simu hadi mnara tu. Tena, kwenye 2G mnara huitambua kadi, lakini kadi haiutambui mnara. Tapeli mwenye mnara bandia anaweza kuivuta simu yako, akazima usimbaji, akakutumia ujumbe wenye jina lolote. Simu nyingi hazitakuambia kitu. Kuanzia 3G, kadi nayo huukagua mtandao.

Wewe ufanye nini?

- Usihesabu ujumbe kuwa pesa. Fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Likikataa kufunguka, subiri, au sogea mahali pengine ujaribu tena.
- Herufi E au G juu ya kioo ina maana uko kwenye 2G. Mashambani ni kawaida, usishtuke. Lakini kama hapo ulipo huwa una 4G, na ghafla imeshuka ukiwa katikati ya biashara, usiweke PIN kwanza.
- Baadhi ya simu za Android 12 na kuendelea zina sehemu ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Ukiishi ambako 2G ndiyo pekee inayoshika, iache.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna mnara wala mhudumu anayehitaji kuambiwa.

Sasa turudi sokoni. Ujumbe umeingia, lakini salio hujaliona. Mwambie mnunuzi kwa heshima, "Ndugu yangu, ngoja kidogo." Mwenye pesa halali atangoja. Menyu ikigoma, fahali asitoke.